Sauti Iliyohamia kwa Mpiga Gitaa

Aliyeanza kulalamika ni mwimbaji, na mambo ya mitambo hayajui. "Fundi, mbona sauti yangu inahamahama? Tumba zikilia tu, nasukumwa kwa mpiga gitaa."

Tulikuwa Sinza, kwenye studio ya chumba kimoja, kuta zimebandikwa trei za mayai (ambazo, tuambizane ukweli, hazijawahi kuzuia kelele za bodaboda). Mimi nilikuwa msaidizi, kazi yangu kukunja waya na kufuata chai. Bendi ya dansi ilishamaliza kurekodi, siku hiyo ilikuwa ya kuchanganya sauti. Fundi alikuwa amezipeleka tumba kushoto kabisa, gitaa la solo kulia, mwimbaji katikati, halafu mchanganyiko wote unapita kwenye kompresa ya chaneli mbili, yaani kifaa kinachoikandamiza sauti ikivuka kiwango ulichoweka.

Hakubishana. "Dogo, njoo utazame taa hizi."

Kila kiganja kilipotua kwenye ngozi, taa nyekundu za kushoto, zinazoonyesha kompresa inakata desibeli ngapi, ziliwaka mpaka 6. Za kulia, hata moja. Akanivisha hedifoni, akaniambia nifumbe macho. Kweli bwana: sauti inateleza kulia, inarudi, inateleza tena.

"Uwiano ni 4 kwa 1," akasema. "Tumba zikivuka kiwango kwa desibeli 8, kompresa inapitisha 2 tu, 6 inazikata. Ila haikati tumba peke yake, inakata upande mzima wa kushoto, na sauti ya huyu mwimbaji wetu imo humo."

Mwimbaji husikika katikati kwa sababu yupo sawasawa kwenye spika zote mbili. Ni kama ndoo za mzega: punguza maji upande mmoja, mti wote unainamia wa pili.

Akabonyeza kitufe cha kuunganisha chaneli. Hapo upande wowote ukivuka kiwango, pande zote mbili zinapunguzwa kwa kiasi kilekile. Sauti ikatulia katikati. Lakini likazuka lingine: tumba zikipigwa, wimbo mzima unazama kisha unaibuka, utadhani unahema. Hapo ndipo nilipomwona fundi akifanya kazi hasa. Tumba akazitafutia kompresa yake ya chaneli moja, zikadhibitiwa kabla ya kufika kwenye mchanganyiko. Ile ya pande mbili akaishusha hadi 2 kwa 1, akaichelewesha kushika kwa milisekunde 30 ili kofi la kwanza lipite bila kuguswa. Muda wa kompresa kuiachia sauti hakuusoma kwenye namba. Alizungusha kitufe taratibu, macho kwenye taa, mpaka zikawa zinazimika kabla ya pigo linalofuata.

Siku hizi nasikia nyimbo zimekandamizwa toka mwanzo hadi mwisho, hakuna kupanda wala kushuka, na mtu anajisifu eti imekuwa nzito.

Mwimbaji alisikiliza mara mbili, akatikisa kichwa kukubali. "Hapo sawa. Sasa niongezee sauti yangu kidogo."

Waimbaji! Fundi akashika kitufe kisichounganishwa na chochote, akakizungusha.

"Eeeh, hapohapo!"