Kamba wa nyanya: rojo kwanza, kamba mwisho

Kamba akitafunika kama mpira, usikimbilie kumlaumu muuzaji. Mara nyingi alitiwa sufuriani nyanya zikiwa bado maji maji, akakaa humo dakika 15 akingoja rojo likauke. Nyanya zinauhitaji muda huo. Kamba dakika 3 zinamtosha.

Kwa nusu kilo ya kamba wenye vichwa na maganda, andaa nyanya 6 zilizoiva hadi kulainika, kitunguu maji 1 kikubwa, punje 4 za kitunguu saumu, vijiko vikubwa 4 vya mafuta, pilipili na ndimu. Walioganda barafu wayeyushe ndani ya friji usiku kucha, au wafunge vizuri kwenye mfuko na kuuzamisha katika maji baridi kwa nusu saa. Maji moto yatawapika nje huku ndani bado ni barafu. Wakinuka amonia, ile harufu kali kama ya mkojo uliolala, tupa. Hakuna ndimu itakayowaokoa.

Menya, ila maganda yaweke. Chana mgongo kidogo kwa ncha ya kisu utoe ule uzi mweusi. Huo ni utumbo, na kwa kamba wakubwa huwa na mchanga unaokwaruza meno. Wakaushe kwa kitambaa, kwani kamba mwenye maji hulizimua rojo, kisha nyunyizia nusu kijiko cha chai cha chumvi na uwarudishe kwenye friji.

Sasa maganda, na hapa ndipo penye utamu wote. Pasha nusu ya mafuta, kaanga vichwa na maganda kama dakika 5, mpaka mafuta yenyewe yageuke rangi ya chungwa. Rangi hiyo huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, ndiyo maana maganda ya kuchemsha tu hutoa supu iliyopauka. Viponde vichwa kwa mwiko vitoe uji wake, mimina vikombe 2 vya maji, chemsha dakika 15, chuja. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanaongeza viungo kufidia.

Katika mafuta yaliyobaki kaanga kitunguu maji kwa moto wa wastani, dakika 8 hadi 10. Kitunguu saumu na pilipili, nusu dakika tu, maana saumu ikiungua sufuria nzima inakuwa chungu. Tia nyanya zilizokunwa, usifunike, pika mpaka mafuta yajitenge pembeni. Ndipo umimine ile supu na kuiacha ipungue. Pitisha mwiko chini ya sufuria: njia yake ikibaki wazi kidogo kabla ya kujifunga, rojo liko tayari. Onja chumvi sasa. Likiwa chachu mno, sukari kidogo ya kubana kwa vidole inatosha.

Tandaza kamba, dakika moja na nusu kila upande. Akijikunja kama herufi C ameiva. Akijifunga kama O amepitiliza. Epua mara tu nyama ya upande wa kichwa inapoacha kung'aa kama kioo, kwa sababu joto la rojo litaendelea kumpika. Ndimu kamulia baada ya kuepua.

Ukitumia kome, wale wa baharini wenye magamba mawili, badala ya kamba, rojo ni hilo hilo, lakini usilitie chumvi: kome hutoa maji ya bahari wakifunguka. Aliye wazi na asiyejifunga ukimgonga, tupa kabla ya kupika. Waliobaki wafunike kwenye rojo linalotokota kwa dakika 5.