Tangu Utoto

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Juma hili tusome Mathayo 17:14-18 pamoja na Marko 9:14-29.

Miaka mingi nilipita kwenye habari hii bila kuona kwamba baba yule aliutaja ugonjwa kwa jina lake: "Bwana, umrehemu mwanangu, kwa kuwa ana kifafa." Hakumvuta Yesu pembeni. Alisema mkutano wote unasikia.

Mimi sikusema. Mwanangu alipoanza kuanguka, majirani zetu hapa Pasua niliwaambia ni degedege. Lakini degedege la homa ni la watoto wadogo, kuanzia miezi 6 hadi miaka 5. Wangu alishatimiza 9, na mwili wake hauna joto. Nikageuza, nikasema malaria imempanda kichwani. Dawa zake nikazificha kwenye kopo la kahawa juu ya kabati, naye nikamfunga mdomo: usimwambie mtu, watakukimbia. Akakua hivyo, akijua ana kitu ambacho hata mama yake hathubutu kukitaja.

Katika Marko, Yesu anauliza amepatwa na haya tangu lini. Baba anajibu, "Tangu utoto." Kisha sikieni ombi lake: "utuhurumie, na kutusaidia." Hakusema umhurumie. Kijana alipoanguka, nyumba nzima ilianguka naye.

Wapo wanaosoma maandiko haya wakaona pepo tu. Wanamwombea mtoto, halafu wanamwambia aache dawa kuonyesha imani. Hapo siwezi kunyamaza. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Dawa zake zikikatwa ghafla, mtoto anaweza kushikwa mfululizo bila kupumzika, na wengine hufa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa inavyopasa. Tuombe, na mtoto ameze dawa.

Nyumbani kwetu aliyesema ni yeye mwenyewe, akiwa na miaka 14, kwenye darasa la kipaimara. Mwalimu wake ndiye aliyenisimulia. Alisimama akawaambia wenzake: "Mimi nina kifafa. Nikianguka nilazeni kwa ubavu, msinikandamize, msinitie kijiko mdomoni. Dakika 5 zikipita sijatulia, nipelekeni hospitali." Kijana mmoja akauliza, "Na yale mate, tukiyagusa si tutaambukizwa?" Akamjibu, "Hapana, kifafa hakiambukizi."

Nilikasirika, wapendwa. Usiku ule nilimgombeza kwa kutuanika. Akaniuliza, "Mama, kwani nimetenda dhambi gani?" Nikakosa la kumjibu. Nikalala na lile swali, na asubuhi nikaliteremsha kopo la kahawa, nikaliweka mezani karibu na sukari.

Mwezi wa saba, na ile baridi yetu ya Moshi, alianguka uwanjani wakicheza mpira. Mtoto wa jirani akaja mbio kuniita. Nilifika na kanga moja, miguu haina nguvu. Nikakuta wamemlaza kwa ubavu, sweta la mtu limekunjwa chini ya kichwa chake, na mmoja ameshika simu anahesabu dakika. Alikuwa ameanza kufumbua macho. Yule kijana aliyeuliza habari za mate alikuwa amepiga magoti kando yake, anamfuta mdomo kwa ncha ya shati lake.