Nilivyofanya uchunguzi wa awali wa usonji darasa la kwanza, Kasulu

Huku Kasulu, mkoani Kigoma, watoto wengi huanza shule wakijua Kiha tu. Ukiingia darasani na orodha ya dalili za usonji (autism, hali ya ukuaji inayogusa mahusiano, mawasiliano na tabia) utaandika majina ya nusu ya darasa: huyu hasemi, yule akiitwa haitiki, mwingine hamtazami mtu usoni. Kazi kubwa kwangu ilikuwa kuutenga usonji na mambo yanayofanana nao.

Nianze na uchaguzi wa dodoso. M-CHAT-R, dodoso la kuchuja dalili za usonji, hupatikana bure na watu wengi hulikimbilia, lakini maswali yake 20 yametungwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Kwa mtoto wa miaka sita au saba halifai hata kidogo. Nilitumia SCQ (Social Communication Questionnaire), ambalo ni la kununua: maswali 40 ya ndiyo au hapana kuhusu mtoto wa miaka minne na zaidi, na anayejibu ni mlezi. Swali la 1 huuliza kama mtoto anaunganisha maneno, nalo halina alama. Kama haunganishi, unaruka swali la 2 hadi la 7, hivyo alama za juu kabisa zinakuwa 33 badala ya 39. Anayefikisha 15 hupelekwa kwenye uchunguzi kamili. Wengi hukosea hapa: hujumlisha "ndiyo" zote, ilhali maswali mengi hupata alama kwa jibu la "hapana", kwa mfano lile la kuwa na rafiki.

Kabla ya dodoso, masikio. Mtoto anayetokwa usaha sikioni kila mara anaweza kuonekana kama mwenye usonji kumbe hasikii. Nilimtoa mtoto nje, mbali na kelele, nikasimama nyuma yake umbali wa mkono mmoja, nikaziba sikio moja kwa kulisugua taratibu, kisha nikanong'ona majina matatu ya vitu vya nyumbani kwa lugha yake ayarudie. Halafu sikio la pili. Asiyerudia alikwenda kwanza hospitali ya wilaya kupimwa usikivu, na dodoso lilisubiri. Mlezi niliuliza pia kuhusu kifafa na malaria iliyopanda kichwani, maana mtoto aliyepoteza maneno baada ya homa kali ana njia yake ya matibabu. Hata hivyo majibu hayo hayaondoi usonji; mtoto anaweza kuwa na vyote viwili.

Suala la macho lahitaji uangalifu. Hapa kwetu mtoto aliyelelewa vizuri huinamisha uso mbele ya mwalimu, na hiyo ni heshima. Kwa hiyo sikumpima yeyote akiwa amesimama mbele yangu. Nilikaa pembeni wakati wa mapumziko, watoto wawili kwa siku, dakika 15 kila mmoja, na nikarudia siku nyingine. Kwenye kombolela, je, anaelewa kwamba anatafutwa? Kwenye kupika kwa udongo na majani, anaigiza na wenzake au anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja, akivurugiwa analia? Akiona kitu cha ajabu, humwonyesha mwenzake kwa kidole? Hili la mwisho nalithamini kuliko mengine, kwa sababu halihitaji lugha yoyote. Niliandika pia anayeziba masikio kengele ikigongwa, anayepunga mikono, anayerudia maneno ya mwalimu yale yale. Dalili lazima zitoke pande zote mbili, mahusiano na mawasiliano upande mmoja, tabia za kujirudia au hisi kali upande wa pili, na ziwe zimeanza utotoni.

Wasichana nilirudi kuwatazama upya. Walimu hutaja upesi wanaosumbua, na msichana anayekaa kimya akiiga anachofanya jirani yake hupita bila kuonekana.

Mahojiano yalifanyika kwa Kiha, faragha, baada ya mlezi kukubali kwa sahihi au dole gumba. Ulizia aliyemlea tangu mchanga. Mara nyingi ni bibi. Ukimwuliza "alianza kusema akiwa na miezi mingapi?" atakisia. Nilishika kadi ya kliniki, nikauliza: "Bibi, mvua za kwanza zilipoanza mwaka ule, alikuwa anakuita?" Neno usonji sikulitamka kwenye kikao cha kwanza, wala halikuandikwa kwenye daftari la mahudhurio. Niliandika "anahitaji uchunguzi zaidi", na fomu zikafungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu. Jina likivuja, mtaani mtoto ataitwa mwenye mashetani, na mzazi anaweza kumwachisha shule.

Rufaa ilipitia hospitali ya wilaya kwenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Barua yangu ilikuwa na alama za dodoso, matokeo ya masikio na nilichokiona uwanjani, kila kimoja na tarehe yake. Dodoso halithibitishi usonji. Daktari ndiye anayethibitisha.

Nauli huchelewa kupatikana, kwa hiyo msaada ulianza wiki ileile. Mtoto alikaa mbele, upande wa ukutani, mbali na dirisha. Ratiba ya siku niliichora kwenye boksi: uji, kuhesabu, mapumziko, kuandika, nyumbani, kila kipindi kikiisha anageuza picha. Dakika tano kabla ya kengele nilimgusia picha inayofuata. Maagizo yalikuwa ya maneno mawili au matatu, nikihesabu kimyakimya hadi kumi kabla ya kurudia.