Barua za Ziwa Winnipeg na Binti Aliyekuja Kuzisoma

Miaka michache iliyopita, majira ya joto, nilijitolea kwa wiki 6 katika ukumbi wa jumuiya kwenye mji mdogo ulio kando ya Ziwa Winnipeg, jimbo la Manitoba nchini Kanada, ambako wazee wenye asili ya Aisilandi walikuwa wamekusanya makaratasi ya familia zao yaliyokaa kwenye masanduku ya viatu, mikebe ya biskuti na foronya za zamani. Kazi yangu ilikuwa ya mikono tu: kutoa waraka, kuupangusa vumbi kwa brashi laini, kuupitisha kwenye skana na kuupa namba. Kazi ya kusoma ilikuwa ya binti wa miaka 23 kutoka Reykjavík, mji mkuu wa Aisilandi, aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo, kwa sababu katika ukumbi ule uliojaa watu wanaojiita Waaisilandi kwa fahari kubwa, hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kusoma barua iliyoandikwa kwa babu yake mwenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayelea watoto katika jiji la Winnipeg, na kila Jumapili wanapozungumza na bibi yao kwa simu humsikia mkubwa akijibu kwa Kiingereza swali aliloulizwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo jambo la Waaisilandi sikulitazama kwa macho ya mtalii. Nilitaka kufahamu ni kitu gani hasa kinachouzuia uzi usikatike baada ya vizazi vinne au vitano, na niliyoyaona ukumbini yamenifanya niamini kwamba sherehe peke yake haitoshi: kinachofaa zaidi ni kijana wa nyumbani kutumwa kwa walioondoka, akalala kwao, akala wanachokula, na akafanya pamoja nao kazi ambayo bila yeye isingefanyika.

Historia yenyewe inastahili kusimuliwa walau kwa ufupi. Kati ya mwaka 1870 na 1914, watu wapatao 15,000, na wengine husema zaidi, waliondoka Aisilandi kwenda Amerika Kaskazini, wakati nchi nzima ilikuwa na watu 70,000 hivi. Wengine walikuwa wametangulia Utah, nchini Marekani, tangu 1855, na wachache sana waliishia Curitiba, nchini Brazili. Baridi kali, uhaba wa ardhi na umaskini vilikuwa vimewachosha, kisha mwezi Machi 1875 volkano ya Askja ikalipuka na kufunika malisho ya mashariki kwa majivu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo kikundi cha kwanza kilishuka ufukweni mwa Ziwa Winnipeg, majira ya baridi yakiwa mlangoni, wakaanzisha makazi waliyoyaita Nýja Ísland, yaani Aisilandi Mpya, na mji wake wakaupa jina la Gimli, ambalo katika imani za Kinorse, za watu wa kale wa kaskazini mwa Ulaya, ni makao mazuri watakayoishi watu wema baada ya dunia kuangamia. Mwaka uliofuata ndui iliingia na kuua zaidi ya watu 100 miongoni mwao. Na bado, katikati ya msiba ule, kufikia 1877 walikuwa na gazeti lao, Framfari, lililochapishwa kwa Kiaisilandi kwenye kijiji cha nyumba za magogo.

Leo, nchini Kanada pekee, watu takriban 100,000 husema katika sensa kwamba wana asili ya Aisilandi. Kila mwanzo wa Agosti mji wa Gimli hufurika watu kwa ajili ya Íslendingadagurinn, sikukuu iliyoanza Winnipeg mwaka 1890 na kuhamia Gimli mwaka 1932, na mwanamke mmoja huvaa joho la kijani na taji kuwakilisha mama wa nchi ile ya milima. Ni sherehe nzuri, nami huwapeleka watoto wangu. Lakini sherehe ikiisha watu hurudi makazini, na lile sanduku la viatu hubaki juu ya kabati kama lilivyokuwa.

Mwaka 1999 chama cha Waaisilandi kinachoshughulikia uhusiano na ndugu zao wa ughaibuni, kikishirikiana na Jumuiya ya Nordiki ya nchini humo, kilianzisha programu iitwayo Snorri. Jina hilo ni la Snorri Þorfinnsson, ambaye masimulizi ya kale yanamtaja kuwa mtoto wa kwanza wa Kizungu kuzaliwa Amerika Kaskazini, karibu miaka 1,000 iliyopita, kisha wazazi wake wakarudi naye Aisilandi. Vijana wa Kanada na Marekani hupelekwa Aisilandi kwa wiki kadhaa, wakajifunza lugha na historia, na sehemu kubwa ya muda wakaishi kwa jamaa ambao pengine hawajawahi kuonana nao. Kilichonigusa zaidi ni hatua iliyofuata: mwaka 2001 ikaanzishwa njia ya upande wa pili, inayowaleta vijana wa Aisilandi huku magharibi, wakakaribishwa katika nyumba za wazao wa wahamiaji. Watu waliobuni hatua hii walielewa jambo ambalo jumuiya nyingi za ughaibuni, yetu ikiwamo, bado hazijalitamka wazi, kwamba aliyebaki nyumbani naye ana pengo katika habari zake. Maelfu ya watu walitoka katika familia zao, na vizazi vilivyofuata vikawa havijui walikwenda kufia wapi.

Sasa nirudi ukumbini, kwa maana huko ndiko nilikoliona jambo lenyewe. Katika wiki ya pili, mama mmoja wa miaka 79, ambaye wajukuu wake wote humwita amma, yaani bibi, kwa sababu neno hilo halijawahi kuwatoka, alileta bahasha 11 zilizofungwa kwa utepe. Alituambia, kama alivyoambiwa na mama yake, kwamba moja kati yake ni hati ya deni, kwa kuwa imejaa tarakimu. Binti aliifungua kwa ncha za vidole, akaitandaza juu ya kitambaa cheupe, akainama karibu mpaka nywele zake zikagusa meza. Mwandiko ulikuwa mdogo na umebanwa. Mwandishi alikuwa amejaza ukurasa kisha akaugeuza na kuandika tena pembeni, ili asipoteze nafasi. Kutoka katika mkunjo wa karatasi kilidondoka kijiti kikavu chenye vijani vidogo kama punje. Binti akakinusa, akasema ni blóðberg, mmea unaotambaa juu ya mawe kwao na ambao watu huufanyia chai.

Ile haikuwa hati ya deni. Dada mtu, aliyebaki kwenye shamba la wilaya ya Skagafjörður, alikuwa akimwandikia kaka yake mwaka 1893 kumweleza idadi ya kondoo waliosalia baada ya majira ya baridi, umri wa kila mtoto, na kiasi cha nyasi walizowahi kukata. Baada ya tarakimu hizo alimuuliza kwa nini amenyamaza kwa muda wa baridi mbili. Binti alisoma kwanza kwa Kiaisilandi, taratibu, kisha kwa Kiingereza. Alipomaliza, yule mama hakuuliza chochote kuhusu habari zilizomo. Aliomba asomewe tena kwa Kiaisilandi tu, akafumba macho, na midomo yake ikawa inatangulia kulitamka neno hapa na neno pale.

Hapo ndipo binti naye alipopata somo lake. Lugha ya yule mama ni ile ya jikoni, aliyoisikia utotoni na hakufundishwa kuisoma, na ndani yake kuna matamshi yaitwayo flámæli, ambayo huzichanganya irabu fulani kiasi kwamba skyr, maziwa mgando wanayoyapenda Waaisilandi, husikika kama sker, mwamba wa baharini. Nchini Aisilandi walimu wa karne ya 20 waliyapiga vita matamshi hayo mpaka yakakaribia kutoweka. Kando ya Ziwa Winnipeg hapakuwa na mwalimu wa kuyakataza, yakadumu. Binti alisema alikuwa ameyasikia katika rekodi za zamani tu, hakutarajia kuambiwa kwa matamshi hayo aongeze sukari kwenye chai. Tangu siku ile alianza kumrekodi yule mama kila asubuhi kwa nusu saa, na wala si jukumu alilopangiwa.

Yapo pia mambo mazito ambayo kijana wa nyumbani hawezi kuyajua mpaka afike. Ardhi ile haikuwa tupu. Karibu na mji wa Riverton, mahali paitwapo Sandy Bar, waliishi wenyeji wa asili, na mmoja wao, John Ramsay, aliwasaidia walowezi kupata nyama katika baridi ya kwanza ingawa wao ndio walioingia kwenye ardhi ya watu wake. Ndui ile ile iliyowaua Waaisilandi iliteketeza jumuiya ya Sandy Bar, na mke wa Ramsay, Betsey, akafa. Kaburi lake lenye jiwe la marumaru bado lipo. Tulimpeleka binti pale siku moja ya mvua. Alisimama kwa muda mrefu, halafu akasema kwamba alifundishwa shuleni kuhusu Askja na kuhusu meli, lakini kaburi hili hakulisikia. Mimi naona programu ya urithi inayoficha makaburi ya namna hii haijafanya kazi yake.

Niseme kidogo kuhusu jikoni, kwa kuwa huko nilijisikia nyumbani kuliko mahali pengine popote Kanada. Keki yao, vínarterta, hupangwa tabaka nyembamba juu ya tabaka, saba kwa wanaoshika desturi, na katikati yake hupakwa rojo la plamu kavu lililotiwa iliki. Yule mama aliposaga iliki kwenye kinu, harufu ilinirudisha kwenye mandazi ya asubuhi kwa bibi yangu. Binti alitueleza kwamba kwao keki hii zaidi huitwa randalín na mara nyingi hupakwa jamu ya rubabu, mmea wenye mashina machachu, na ubishi uliozuka juu ya idadi ya tabaka ulichukua sehemu nzuri ya alasiri.

Jambo jingine linalohitaji mtu wa nyumbani ni nasaba. Waaisilandi, kama watu wetu wa pwani wanaosema bin fulani na binti fulani, wengi wao hawana jina la ukoo; kwa kawaida mtu huitwa mtoto wa baba yake, -son kwa mwanamume na -dóttir kwa mwanamke. Walipofika Kanada wengi walilazimika kuchagua jina moja la kudumu, na mnyororo ukapotea. Tangu 2003 kuna hifadhidata ya nasaba kwenye intaneti iitwayo Íslendingabók, lakini anayeweza kuingia ni mwenye namba ya utambulisho ya Aisilandi. Mzao wa Manitoba, hata awe na hamu kiasi gani, hubaki nje ya mlango. Binti alifungua akaunti yake jioni moja, akaandika jina la yule kaka wa kwenye barua, na mbele ya jina pakatokea maelezo kwamba alihamia Vesturheimur, Ulimwengu wa Magharibi. Baada ya hapo palikuwa patupu. Tulikaa mpaka usiku tukiandika kwenye daftari yale yaliyofuata, watoto, wajukuu na vitukuu, ili ayapeleke kwa wanaohusika.

Si kila mafunzo ya namna hii huzaa matunda, na nimeshuhudia mahali pengine kijana aliyetoka mbali akitumika kupanga viti na kugawa kahawa, akaondoka bila kusoma hata waraka mmoja. Anayepokea mgeni wa aina hii anapaswa kuwa na kazi inayomsubiri, pamoja na mtu wa kufanya naye. Posho nayo ni lazima, kwani bila hiyo watakuja watoto wa wenye uwezo peke yao. Wiki 6 zilitutosha kusoma barua 140 hivi. Mikebe mingine hatukuifungua.

Binti aliondoka mwishoni mwa Agosti. Novemba yule mama alinipigia simu nimsaidie kujaza fomu: alitaka kwenda Aisilandi kwa Snorri Plus, safari ya watu wazima iliyoanza 2003, afike lile shamba la Skagafjörður. Tulikaa mezani kwake, bahasha 11 zikiwa pembeni. Tulipofika kwenye habari za jamaa zake walioko Aisilandi alichukua kalamu mkononi mwangu na kuandika mwenyewe jina la yule binti, kwa sababu usiku ule wa daftari Íslendingabók ilikuwa imeonyesha kwamba wanakutana katika kizazi cha nane, kisha akaniuliza kama namba ya simu ya Reykjavík huanza na 354.