Kiatu cha Kushoto

Mwaka 2014 binti yangu alikuwa na miaka saba, na kiatu chake cha kushoto kilikuwa kikiisha kabla ya cha kulia. Soli ililika upande wa nje, karibu na kidole kidogo, mpaka soksi ikachungulia. Fundi viatu wa kituoni Tabata aliwahi kuniuliza, "Mama, huyu mtoto anakanyagaje?"

Asubuhi alikanyaga kama wenzake. Ikipita adhuhuri mguu unaanza kupinda kwa ndani, kisigino kinanyanyuka, na magharibi anashikilia ukuta kwenda chooni. Akilala mchana kidogo, anaamka mzima. Mwalimu aliandika kwenye daftari kuwa ni mvivu. Bibi yake mzaa baba akasema hapa kuna mkono wa mtu. Akasomewa jioni, akalala, asubuhi akaamka anaruka kamba. Shehe alisifiwa mpaka saa nane mchana.

Hospitali nako, kliniki ni asubuhi. Unawahi kadi saa kumi na mbili, saa tatu uko kwa daktari, na mtoto anatembea kama hana neno. Mimi ndiye niliyeonekana mgonjwa. Siku moja foleni ilichelewa, tukaingia alasiri. Hapo wakauona mguu, wakaandika mtindio wa ubongo, wakatupeleka mazoezi ya viungo. Nilikaa na neno hilo miezi minane.

Aliyelitengua ni daktari mmoja wa kike, mdogo kwangu kwa umri, hospitali nyingine. Hakuanza na mguu. Aliuliza, "Mama, akiamka usingizini anakuwaje?" Nikamweleza. Akaweka kalamu chini. "Kesho mlete saa kumi na moja jioni, na msimlaze mchana."

Tulipofika kesho yake, nilimbeba mgongoni kuanzia getini. Daktari alimtazama akijaribu hatua nne, akasema inatosha.

Akaniambia kuna daktari wa Kijapani, Segawa, aliyeueleza ugonjwa huu miaka ya 1970. Huwapata zaidi wasichana, na wengi hudhaniwa wana mtindio wa ubongo. Kichwani kuna kemikali iitwayo dopamini inayoongoza misuli, na mwili wa mwanangu unaitengeneza kidogo mno. "Tangi la maji nyumbani kwenu linajaa usiku, sivyo? Mchana mnachota, jioni mnakwangua. Yeye bomba lake ni jembamba." Kipimo cha vinasaba kingepelekwa nje ya nchi, na hela hiyo hatukuwa nayo. Lakini dawa yenyewe ingetupa jibu, maana ikimsaidia ndio ugonjwa wenyewe: levodopa, ile wanayopewa wazee wanaotetemeka. Robo kidonge, asubuhi na mchana.

Duka la kwanza la dawa waliniuliza mara mbili kama mgonjwa ni babu.

Nilipomweleza bibi yake kwamba ugonjwa huu hurithiwa, na unaweza kumruka mzazi ukamshika mtoto, alinyamaza kitambo. Kisha akasema marehemu mdogo wake alikuwa akichechemea kila jioni, nao wakimcheka kwamba anakwepa kuosha vyombo. Habari ya mkono wa mtu haikurudi tena.

Siku ya nne nilikuwa nakaanga dagaa, adhana ya magharibi imeshaanza, nikasikia kamba inapiga chini uani. Ta, ta, ta.

"Wewe! Ingia ndani, magharibi hii!"

"Bado kumi tu, mama."