Mmoja bei hii, watano bei ile

Mwaka huu Krismasi tunaila Marangu kwa mama mkwe. Basi la Dar hadi Moshi linakula kutwa nzima, na mziwanda wangu huanza kutapika hata Chalinze hatujafika, kwa hiyo nikasema tupande ndege hadi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Angani ni kama saa moja tu. Kusema ni rahisi.

Mwanzoni mwa wiki nauli ilikuwa laki mbili na sitini kwa kichwa, kwenda tu. Kesho yake ikashuka hadi laki mbili na thelathini. Nikaketi, nikaandika majina ya wote watano kama yalivyo kwenye vyeti vya kuzaliwa, nikabonyeza kuendelea, ukurasa ukanijibu: bei imebadilika. Imerudi palepale. Jirani akaniambia nitumie simu nyingine, eti hii imeshanijua shida zangu. Nikachukua ya Baba Neema. Bei ileile.

Dada mmoja wakala wa tiketi ndiye aliyenifungua macho. Viti vya daraja la kawaida tunaviona sawa, kumbe vimegawanywa mafungu, kila fungu na herufi yake na bei yake. Fungu la chini likiisha, mnahamia la juu. Mtu akishikilia nafasi asilipie, muda wake ukiisha viti vinarudi sokoni na bei inashuka. Hapo nikaelewa. Kilichoniuma ni kingine: ukitafuta viti vitano kwa mpigo na fungu la chini limebakiwa na vitatu, mfumo hauwapi watatu unafuu na wawili bei kubwa. Mnapandishwa wote. "Hebu tafuta mtu mmoja uone, dada yangu." Nikatafuta. Laki moja na tisini! Yaani nalipishwa faini ya kuzaa.

Punguzo la watoto lipo, ila ni la walio chini ya miaka 12, na linakatwa kwenye hiyohiyo nauli iliyopanda. Neema, mkubwa wao, alitimiza miaka 12 mwezi wa Agosti. Kwa ndege sasa ni mtu mzima, ingawa hapa nyumbani bado anagombea rimoti na mdogo wake.

Nauli ya basi ina ukomo. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, huutangaza kwa kilomita, na wakikuzidishia Desemba una pa kulalamika. Kariakoo muuza viatu akinitajia bei ya ajabu, napiga hatua tatu, ananiita. Hii bei ya mtandaoni niilalamikie wapi, na nikiondoka nani ataniita? Najua ni biashara, na viti vya Machi vya bei poa vinatokana na mfumo huuhuu. Lakini watoto wangu hawafungi shule Machi.

Katikati ya yote, simu kutoka Marangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnakuja lini, nimwambie mwenye mbuzi?"

"Tunakuja mama, tarehe tu ndiyo bado."

"Krismasi si ina tarehe yake?"

Nikakosa la kujibu.

Wakala alikuwa amenionya nisikate tiketi vipande vipande kiholela: safari ikiahirishwa, kila tiketi inapangiwa kivyake, na watoto wanaweza kujikuta bila mkubwa wao. Basi tukagawana kwa akili. Baba Neema na Neema wanapanda basi Stendi ya Magufuli alfajiri, pamoja na mabegi makubwa. Mimi na wadogo wawili tunaruka. Nilipotafuta watatu, laki moja na tisini ikajitokeza, nikalipa kwa simu kabla haijabadili mawazo.

Neema kanuna. Anasema kama kwa ndege yeye ni mtu mzima, angalau angepanda hiyo ndege. Baba yake kamwahidi kuku wa kukaanga njiani, hajajibu.

Za kurudi sijazitafuta, na sidhani kama nitazitafuta. Januari ni ada na sare za shule. Kurudi wote ni basi, na mziwanda nitambebea ndimu na mifuko ya kutosha.