Shemeji, umepima matundu?

Jumapili usiku, Pasua, Moshi. Mvua imenyesha tangu adhuhuri, umeme umerudi saa mbili, na mimi badala ya kulala nimekaa na simu naangalia picha ya karatasi ya shabaha yenye matundu sita ya risasi.

Shemeji yangu yuko Texas mwaka wa kumi na mbili sasa. Kule mwenye silaha anaruhusiwa kujijazia risasi nyumbani kwake, yaani kulitia ganda baruti na kichwa kinachoruka, na kazi hiyo ameipenda kuliko mpira. Huku kwetu hayo ni mambo ya leseni. Sina bastola na sijawahi kujaza risasi hata moja. Mimi ni mkereza vyuma. Lakini tangu Januari hatujapitisha wiki bila kuongelea rivolva yake, ile bastola ya silinda inayozunguka, na leo nina furaha ambayo siwezi kulala nayo bila kuiandika.

Rivolva yenyewe ni ya .45 Colt, risasi iliyoanza mwaka 1873 na bado inapigwa mpaka leo. Vichwa anasubu mwenyewe. Kiswahili kinaita "risasi" ile inayopigwa na pia madini yanayoitengeneza, kwa hiyo ilibidi tukubaliane mapema: yeye aseme "vichwa", mimi niseme "madini", tusije tukapotezana. Katika sehemu 100 anaweka 90 za madini, 5 za bati na 5 za antimoni, anayeyusha, anamimina kwenye kalibu. Kalibu ikiwa baridi kichwa kinatoka na makunyanzi. Ikizidi moto kinatoka na weupe kama umande. Anafanyia nje ya nyumba, na miwani na glavu, maana tone moja la maji likiingia chunguni madini yanaruka kama yamelipuliwa. Wala hagusi chakula kabla ya kuosha mikono, kwa sababu madini hayo ni sumu.

Vichwa vyake ni vizuri. Nimevikuza kwenye simu: kitako kina ukingo mkali kama kimetoka kwenye leidhi. Hata hivyo, yadi 25, mkono umelala juu ya mfuko wa mchanga, vilitawanyika sentimita 15, na mtutu ulibaki umegandiwa na madini hadi akasugua jioni nzima.

Alibadilisha baruti, akapanda na kushuka ndani ya mipaka ya kitabu cha vipimo vya baruti. Akabadilisha nta ya kupaka vichwa. Mwisho akaamua madini yake ni laini mno, akayafanya magumu zaidi. Ikawa mbaya zaidi.

Wiki hiyohiyo mzee mmoja kutoka Kibosho aliniletea shafti ya mashine ya kumenyea kahawa. Inapiga kelele, inakula bushi, na alikuwa amekwisha kubadilisha grisi mara tatu. Nikaweka mikromita. Bushi aliyouziwa haikuwa ya shafti ile. Jioni nikamwandikia shemeji maneno matatu tu: "Shemeji, umepima matundu?"

Alikaa kimya siku mbili. Kisha vipimo vikaja.

Rivolva ina silinda yenye matundu sita, na kila kichwa hupita kwenye mdomo wa tundu lake kabla ya kuingia mtutuni. Kwa mtutu alisukuma kipande cha madini laini, akakipima kilipotokea upande wa pili: inchi 0.452. Midomo ya silinda: inchi 0.449. Kwa vipimo vyangu tofauti hiyo ni kama milimita 0.08. Yaani vichwa alivyovisawazisha kwa uangalifu kuwa 0.452 vilikuwa vinaminywa na silinda yenyewe, halafu vinaangukia kwenye mtutu uliovizidi upana. Moto wa baruti unapenya pembeni, unakiyeyusha kichwa, unapaka ukuta wa mtutu. Na alipokifanya kigumu, alikinyima hata uwezo wa kutanuka kidogo kuziba ile nafasi.

Nilisimama pale karakanani na simu mkononi, namwonea huruma kwa miezi yote ile ya kupima baruti kwenye mizani.

Fundi bunduki wa kwao, mwenye leseni, akaipitisha riima, kifaa cha kupanulia tundu, midomo yote sita hadi 0.4525. Shemeji akarudi kwenye mchanganyiko wake wa kwanza, na baruti kipimo kilekile cha mwanzo. Leo kwake mchana, kwangu usiku, picha imeingia: sentimita 6. Mtutu ulipitishwa kitambaa mara mbili ukawa safi. Akanipigia kabisa, anacheka kama mtoto, "Shemeji, ni ile ile! Ni baruti ile ile!"

Ila kwenye karatasi matundu matano yamekaa pamoja na moja limekwenda kushoto. Akapiga tena sita, ikawa hivyohivyo. Nimemwambia matundu ya silinda ayawekee namba kwa wino, apige tano tano kutoka tundu moja moja, kwa sababu kila tundu la silinda ni kama bastola yake peke yake, na huenda moja halisimami sawa na mtutu. Amesema Jumamosi, mvua isipokuwepo kwao.